Kitenge cha Samaki wa Buluu

Ba Orini,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye mkeka hapa barazani, kwa sababu kiti chako kina mwenyewe sasa. Usiulize ni nani, nitafika. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayetoa mwisho mapema hajui kazi, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mzuri kupita kiasi, kama utakavyoona.

Miezi mitatu imepita tangu tukuzike. Mvua zimekata, njia ya kwenda makaburini Kafutuma inapitika tena, na kaburi lako limetitia upande wa miguu. Bana Mwansa, mwenye nyumba wako, anasema ni kosa la fundi aliyekupima jeneza kwa macho. Msalabani limeandikwa jina moja tu, Orini, bila Ba ya heshima. La pili lilitushinda, kila mmoja alikuwa na herufi zake, mwisho tukaona rangi itaisha bure.

Binti yako hakuja. Nilimpigia simu siku ileile, akasema tukuzike hukohuko. Sikumlaumu. Nilikisoma kitabu chako cha tatu, kile chenye msichana mlevi anayeiba hereni za mama yake. Ulimwekea mpaka kovu la kidevu.

Mazikoni mchungaji alinitaka nisome maisha ya marehemu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyajua. Nikasoma. Nikasema ulizaliwa Amerika, kwenye mji mdogo wa mahindi, baba yako akitengeneza matrekta. Nikasema uliandika riwaya nne na filamu kumi na moja. Watu wakaitikia kwa vichwa, wamama wa kanisa wakaimba, na mtu mmoja nyuma akauliza kwa Kibemba kama katika hizo filamu kulikuwa na karate.

Sasa nikusomee yale niliyoyaruka, maana wewe peke yako ndiye huwezi kuchukia. Riwaya ya kwanza uliiandika ukiwa na miaka ishirini na sita, wakaisifu kwenye magazeti makubwa, na hadithi yake ilikuwa ya ndugu yako wa tumbo moja na aibu aliyokuambia wewe tu, gizani, mkiwa watoto. Ndugu yako hakusema nawe tena mpaka alipokufa. Riwaya ya pili ulimuuza mke wako wa kwanza, ya tatu binti yako. Ya nne hukuwa na wa kuuza, na haikununuliwa. Filamu kumi na moja uliandika kweli, ila jina lako lilitokea kwenye nne, na katika ile uliyoipenda kuliko zote mwigizaji alibadilisha neno la mwisho. Hukumsamehe. Mimi nimemjua huyo mwigizaji kuliko wajomba zangu, kwa jinsi ulivyomtukana kila asubuhi juu ya chai.

Kisha simu yako huko kwenu ikaacha kulia. Hilo uliniambia mwenyewe mara moja, na ukajuta. Ndipo mtu mmoja wa filamu, labda kwa huruma, akakuambia watu wanataka hadithi ya wakimbizi, na kama inawezekana, yenye maji. Ukafungua ramani. Ukatuona.

Ulitukuta Kenani, kambi ya wakimbizi, mwaka ule tulipovuka ziwa. Mimi nilikuwa natafsiri kwa wenye kuandikisha watu, kwa kuwa nilisoma sekondari na Kiingereza changu kilitosha kuulizia magonjwa. Ulikuja na kofia yako ya majani, umeungua pua, ukakaa chini na sisi ukauliza swali lako. Baadaye niligundua ndilo swali pekee ulilokuwa nalo duniani. Ulimuuliza kila mtu, hata wauza chisense pale Kashikishi wakikusimulia habari za majirani huku wakigeuza visamaki vyao mchangani. "Nani anakufa?" Ulijifunza kulisema kwa Kiswahili kabla hujajua kuomba maji.

Mama alikujibu. Alikuwa amevaa blanketi la kupewa na sketi ya ndani, basi. Akakusimulia jinsi watu wenye bunduki walivyofika kijijini kwetu upande wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, siku ambayo Papa, baba yangu, alikuwa ameenda mbali, kumzika mjomba wake. Jinsi sisi wawili tulivyoingia kwenye mtumbwi uliojaa, jinsi mawimbi ya ziwa Mweru yalivyopanda, na mwenye mtumbwi akaamuru mizigo itupwe. Mzigo wake aliutupa kwa mikono yake. Ulikuwa umefungwa kwa kitenge cha harusi yake, alichonunuliwa na Papa, na kwenye ncha ya kitenge alikuwa amefunga chumvi kama alivyofanya siku zote. Kila kitu kilizama. Wewe kitenge kile hukukiona. Hakuna mtu wa Kenani aliyekiona.

Ulimwambia utabadilisha jina lake, ndio desturi. Nikamtafsiria. Akakataa. Alisema, na nikakutafsiria neno kwa neno, "Andika jina yangu yote, Mwange Kaseba, na ya kijiji. Bwana yangu hajue fasi niko. Mutu mwenye kunitafuta anione."

Ndiyo sababu alikusimulia, Ba Orini. Hakutaka kuwa filamu. Alikuwa anatuma barua kwa mume wake, na wewe ulikuwa mtu wa kuipeleka.

Ukapanga nyumba hii, ukanichukua niwe karani wako. Nakumbuka furaha ya siku zile, na inaniudhi kwamba ilikuwa furaha. Ulikata makaratasi magumu yakawa kadi, kila kadi tukio moja, ukavuta kamba kutoka nguzo hadi nguzo ya baraza na kuzibana kadi kwa vibanio vya nguo. Wapita njia walidhani muzungu anafua karatasi. Ukitembea chini ya kamba, ukihamisha hii pale na ile huku, ukinieleza kwa nini. Mbuzi wa Bana Mwansa akala kadi mbili, ukacheka ukasema ndiye mhariri wa kwanza mwenye akili uliyewahi kumpata. Mimi sikuwa nimeona mtu mzima akicheza hivyo kwa ajili ya kazi. Nilikupenda kama mtoto anavyompenda mwalimu. Nalisema wazi, kwa sababu yanayofuata bila hilo yatakuwa uongo.

Mwisho wa filamu ulikuwa na kadi mbili. Kwenye moja Mwange Kaseba anafika ufukweni, anakamua nguo zake, anauliza njia. Kwenye nyingine mtumbwi unapinduka naye anazama, na kitenge kinabaki juu ya maji. Ulizitazama kutwa nzima. Kisha ukaitungua ile ya ufukweni ukanipa, ukasema nikawashie mkaa, hadithi isiyo na maiti ni chai isiyo na sukari.

Nikawashia mkaa. Maharage yale yalichelewa kuiva, nakumbuka, tukayala magumu.

Na kuna kosa langu la pili. Siku ile napiga chapa ukurasa wa kitenge, niliona umeandika chekundu. Ningeweza kukiacha chekundu. Badala yake nilinyanyua kichwa, najiona hodari, nikakuambia hapana, kilikuwa cha njano chenye samaki wa buluu, samaki wawiliwawili wanatazamana, na chumvi ilikuwa kwenye ncha ya kushoto. Ulinishika bega. Ulisema, "Feza, wewe ni mwandishi." Hakuna aliyewahi kuniambia kitu nikakishika hivyo. Nililala na lile neno wiki nzima, na Mama akiwa pembeni yangu, anapumua, simwambii kitu.

Sikumwambia kwamba anazama. Alipouliza kama jina lake limeandikwa lote, nilisema ndiyo, lote. Nilikuwa nasema kweli.

Filamu ilipigwa kwenye ziwa lingine, nchi nyingine, na mwigizaji mwenye meno mazuri. Kwenu haikudumu. Kwetu ilidumu. Ilivuka maji kwenye kadi za kumbukumbu za simu ikafika vibanda vya video upande wa Pweto, na huko kuna mtu anayekaa kando ya televisheni na kuwaeleza watu filamu kwa Kiswahili. Yule mtu aliona maandishi ya mwanzo akayasoma kwa sauti, kwamba hii ni hadithi ya kweli. Ndugu yake Papa alikuwa amekaa benchi la mbele. Akasikia jina la shemeji yake, akasikia la kijiji. Labda angesema majina hufanana. Lakini akaona kitenge cha njano chenye samaki wa buluu kinaelea, na ncha ya kushoto imefungwa fundo. Alitoka kibandani analia mpaka kwa Papa.

Nani angebisha? Muzungu alikuwapo, amepiga picha. Wakaweka matanga. Papa alinyoa kichwa. Na siku zilipotimia, ndugu za Mama walifanya kama inavyopasa kwa mume aliyefiwa na mke mwema, wakampa mtu wa kurithi jina. Walimpa Esta, binti wa mama mdogo wa Mama. Alinyweshwa maji, akavishwa ushanga, akaingia nyumba ya Mama, akaitwa Mwange Kaseba. Kwetu hilo si kuoa tu. Jina likikaliwa, limekaliwa. Watoto wa Esta wanamwita kwa jina la mama yangu, na vyungu vya Mama vinamtii.

Sisi tulijua mwaka uliofuata, mvuvi mmoja alipomleta Papa kwenye simu. Mama alishika simu kwa mikono miwili. Alisema ni mimi, ni mzima, niko Nchelenge, uje. Nilimsikia Papa analia upande wa pili, kisha akasema maneno ambayo bado nayasikia hata humu barazani.

"Mi nilishakulilia. Machozi hairudiake mu macho. Jina yako iko na mwenyewe."

Mama akanirudishia simu akaenda kuanua mihogo.

Nilikuja kwako nikikimbia. Nilikueleza yote nimesimama. Nilingoja ufanye kitu, sijui kitu gani, uanguke, uombe radhi, uvuke ziwa ukaseme pale yalipowekwa matanga kwamba ulitunga. Uliweka kikombe chini. Ukavuta kadi tupu ukaanza kuandika. Ukaniomba nirudie maneno ya Papa polepole, hasa lile la machozi. Na ulipomaliza ukasema hii ni nzuri kuliko ile ya kwanza.

Nilirudia polepole, Ba Orini. Nalo ni langu.

Baada ya wiki ulitoka mjini Mansa na kitenge kipya, cha njano, samaki wa buluu, ukamletea Mama kwa mikono miwili kama mkwe. Uliona umelipa. Mama alikipokea, akakikunja, akakutazama muda, kisha akanitazama mimi. Akasema asante. Hakukivaa.

Watu wameniuliza kwa nini nilibaki kwako miaka mingine yote ile. Nilitaka kujua kuandika, ndiyo sababu, na si nzuri. Kila siku nilikuja nikikuchukia na kila siku nilijifunza kitu. Mtu akila nyama ya mchawi hawezi kusema hakujua ilitoka wapi.

Ukafa asubuhi, kitini, chai ikiwa bado na moshi. Binti yako alitaka kujua ulisema nini mwisho. Nilimwambia ulimtaja. Ulichosema ni kwamba yule mpumbavu alibadilisha neno lako, ukakunja uso, ukajilowesha, ukaisha. Shati la buluu, kifungo cha tatu hakipo. Unaona nimejifunza.

Sasa nifike kwenye kiti.

Siku za matanga yako zilipokwisha, Bana Mwansa alisema wazi kwamba maiti iliyotoka nyumbani mwake lazima ipate mrithi wa jina, ama sivyo roho itabaki inatembea barazani na yeye hatapata mpangaji mwingine. Mchungaji alisema si mambo ya kanisa. Bana Mwansa akamjibu kwamba nyumba pia si ya kanisa. Tukakusanyika hapa, watu kama kumi. Akauliza nani wa huyu. Wanaume wakatazama miguu yao. Nani achukue jina la mtu asiye na ndugu, ambaye hata binti yake kamkataa? Macho yote yakanigeukia, mimi karani. Nikarudi nyuma hatua moja. Niliogopa, Ba Orini. Kulibeba jina lako ilikuwa kukiri.

Mama akasimama. Nilikuwa sijaona alivyovaa. Alikuwa amejifunga kitenge kile cha Mansa, mara ya kwanza, samaki wawiliwawili wanatazamana.

Alisema, "Mi niko bure. Jina yangu ilikamatwa. Munipatie ya huyu."

Bana Mwansa alimtazama juu mpaka chini, kisha akaenda mwenyewe kuchota maji. Mama akanywa. Wakamvisha ushanga mweupe. Mrithi wa mwindaji hukabidhiwa upinde wa marehemu, kwako tulikosa cha kutoa, tukatoa kalamu. Mama hajui kusoma. Aliipokea akaichomeka kwenye nywele.

Basi huo ndio mwisho wako. Wewe ni Mama. Watoto walicheka siku mbili, sasa wamezoea, wanapita wakimsalimu kwa lugha ya hapa, mapashani, Ba Orini. Anakaa kitini mwako, miguu juu ya kreti lako, anachambua maharage. Na kwa kuwa umekaliwa, matanga yamefungwa, hakuna mwenye ruhusa ya kukulilia. Mwezi uliopita binti yako alipiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha. Alisema moyo umegeuka, anataka kuja, angalau alie kaburini kidogo, halafu arudi. Nilimtafsiria Mama. Aliendelea kutupa mawe ya maharage uani.

"Muambie asilie," alisema. "Baba yake niko."

Nilimwambia. Simu ikakatwa. Wewe ulimfanya mtu aliye hai kuwa maiti mpaka wa kwake wakamaliza machozi. Yeye amekufanya wewe maiti kuwa hai, mtoto wako akabaki na machozi yake machoni. Sijui kama alipanga hivyo. Nadhani alipanga.

Na kadi zako zimo sandukuni, za kitabu cha mwisho, kile cha mwanamke aliyerithiwa angali hai. Mama aliamuru nimsomee zote, moja kila asubuhi, kwa sababu ni zake. Nilimsomea. Simu, mihogo, machozi ya Papa. Aliendelea kuchambua. Jana tulifika kwenye kadi ambayo Mwange Kaseba anajifunga kitenge kipya cha samaki na kuingia ziwani kwa miguu yake. Umemuua tena, mchoyo wewe. Nilisoma mpaka nukta.

Mama aliacha maharage. Aliuliza, akiwa wewe, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeulizia kijiko.

"Ni nani aliniambiaka rangi ya ile kitenge?"

Niambie ningefanya nini. Kilizama kabla hujafika. Kwenye mtumbwi tulikuwa wawili tunaokijua. Alikuwa na hesabu hiyo tangu siku uliyomletea kile kingine, miaka yote, akinipakulia ugali. Nikaweka kadi chini. Nikasema, "Ni mimi, Ba Orini."

Alitikisa kichwa taratibu, kama wewe ulivyotikisa ukipata tukio zuri. Akarudi kwenye ungo wake. Nilikuwa nimepiga magoti, nangoja tusi, nangoja kofi, na Mungu anajua nililitamani hilo kofi. Akasema bila kunitazama, "Usimuambie mama yako."

Hayo tu. Maana yake nimeielewa asubuhi hii. Niliyemkosea hayupo tena pale kitini. Ameondoka na jina lake, na sina mahali pa kwenda kumwomba msamaha. Nina wewe tu, wa pale kitini na wa kule kaburini, na hakuna kati yenu anayesamehe.

Basi tuagane. Kadi ya kuzama nimeichana, safari hii sikuwashia mkaa, nimeimeza. Kitabu nitakimaliza mimi, na humo Mwange Kaseba atafika ufukweni, atakamua nguo zake, atauliza njia, na hakuna atakayekufa hata msomaji achoke. Nakuahidi pia kwamba sitakulilia. Wengine huwaambia wafu wao wapumzike. Mimi siwezi kukuambia hivyo, wewe una maharage ya kuchambua.

Baki hai, Ba Orini.

Mwanafunzi wako,
Feza